Mguu Juu ya Breki

Mke wa Fundi alikitandaza kitambaa cha kupigia deki juu ya tairi la nyuma la gari kikiwa bado kinachuruzika maji, akaenda kuwasha jiko. Aliporudi kukichukua kilikuwa kimekauka kabisa, na mahali kilipolalia chuma cha ringi palikuwa na duara la kahawia, kama alama ya pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Jua lilikuwa halijachomoza. Gari lilikuwa limelala uani tangu jioni iliyotangulia, na hakuna aliyekuwa ameligusa.

Hakupiga kelele. Alikikunja kitambaa, akaenda kumwita mumewe, ambaye alitoka na mswaki mdomoni na kupeleka mgongo wa mkono karibu na ringi bila kuigusa. Ndivyo alivyopima siku zote. Mgongo wa mkono, alizoea kusema, huhisi joto mapema kuliko kiganja, na hata ukiungua bado utashika spana. Safari hii aliurudisha mkono upesi. Akalizunguka gari. Magurudumu yote manne yalikuwa ya moto na, kwa kadiri alivyoweza kukisia, joto lao lililingana.

Fundi alikuwa mtu wa hesabu hata katika mambo ambayo wengine huyakabidhi kwa mazoea. Kwa miaka mingi alikuwa ameziacha injini na umeme wa magari kwa mafundi wengine, yeye akashughulika na breki peke yake, na juu ya breki alikuwa na kanuni moja ambayo haikuwahi kumwangusha. Breki haizalishi joto kutoka hewani. Inauchukua mwendo wa gari na kuugeuza kuwa joto. Diski inalipokea, upepo unalichukua, na gari linapungua kasi kwa kiasi kilekile kilichogeuzwa. Kwa hiyo gari lisilokwenda halina cha kugeuza. Gari lililolala linapaswa kupambazukiwa likiwa baridi kama sufuria ya juzi.

Alitema povu la dawa ya meno, akasimama kulitazama gari lile kama mtu anayetazama jumla isiyokubali.

Mdogo wake alitoka chumba cha uani akijifunga mkanda. Yeye ndiye aliyekuwa dereva wa gari hilo, na watu wote walimwita Kasuku kwa sababu mbili: hakujua kunyamaza, na aliweza kuiga sauti ya mtu yeyote hata mwenye sauti akageuka. Alielezwa habari ya kitambaa. Alisema bila shaka gari limeota linateremka kilima, na kwamba wasiliamshe ghafla lisije likaanguka.

Fundi hakucheka. Alimuuliza breki zilikuwaje jana. Kasuku alishughulika na kifungo cha shati kwa muda mrefu kuliko kifungo kinavyohitaji, kisha akaeleza. Kila mchana alikuwa akiwachukua wauguzi wa zamu kutoka mtaa wa juu na kuwateremsha hadi hospitali ya bondeni. Jana, katikati ya mteremko, pedali ilianza kuzama taratibu kama mguu unaoingia kwenye tope, na harufu kali ikajaa garini. Aliweka gia ya pili, akaomba Mungu, wakafika. Hakuna aliyejua isipokuwa yeye.

"Ulitaka kuniambia lini?" Fundi aliuliza. "Ukiwa umelazwa kwao, wauguzi wakikuogesha?"

"Wangeniogesha vizuri. Wananipenda."

Lakini alipokonywa ufunguo, na hakubisha. Fundi ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, ndiye aliyemfundisha kuendesha, na mteremko ule aliujua: kwa kila mita kumi na mbili za mbele, barabara inashuka mita moja, tena upande mmoja hauna ukuta ila mawe machache yaliyopakwa chokaa. Akamwambia kwamba gari halitakiona kilima mpaka yeye mwenyewe aridhike. Wakalipeleka polepole gereji, ambayo ilikuwa banda la mabati lenye sakafu ya saruji, nyuma tu ya mtaa wao.

Asubuhi yote aliitumia kuondoa dhana moja baada ya nyingine. Gurudumu moja likiwa la moto, pistoni yake imekwama; haya yalikuwa manne. Ya nyuma mawili yakiwa ya moto, waya wa handibreki umevutika mno; waya ulikuwa umelegea. Pedi zilikuwa na unene wa kutosha na zilicheza vizuri mahali pake. Mipira inayopeleka mafuta ya breki haikuwa imevimba ndani. Kile kijiti kinachosukuma kutoka kwenye pedali hakikuwa kimepinda. Kilichobaki ni mafuta yenyewe, na hapo ndipo alipokunja uso kwa mara ya kwanza, maana alikuwa ameyabadilisha juzi tu, yakiwa maangavu kama chai ya rangi iliyochujwa, na sasa yalikuwa meusi na yananuka kama nywele zilizoungua.

Alilala chini ya gari, akaweka spana kwenye nipeli ya gurudumu la nyuma, ile njia ndogo ya kutolea upepo, akailegeza robo ya mzunguko. Mafuta yaliruka kwa nguvu yakapiga ukuta wa bati. Gurudumu likazunguka kwa urahisi. Alipoikaza tena nipeli, gurudumu likakaza nalo.

Alibaki amelala pale chini, akitafakari. Mafuta hayaruki bila kusukumwa. Kuna msukumo, basi kuna msukumaji. Akapaza sauti kumuuliza Kasuku kwa nini amekanyaga breki bila kuambiwa.

Kasuku akajibu kutoka mbali, mlangoni pa banda, kwamba alikuwa anakunywa maji.

Fundi alitoka chini ya gari. Alimwambia mdogo wake aingie kitini, akanyage pale tu atakapoambiwa. Kasuku alifungua mlango, akatazama chini, hakuingia.

"Kaka," alisema polepole, "hii iko chini tayari."

Pedali, ambayo asubuhi ilikuwa imeshuka kidogo tu, sasa ilikuwa imezama karibu na sakafu ya gari, na imebaki huko, haina mtu. Fundi aliinama na kunyoosha mkono aivute juu. Mkono ulikwama kabla ya kuifikia. Juu ya pedali palikuwa na kitu kisichoonekana, cha moto, chenye mfupa juu na nyama laini pembeni, na chini ya ncha za vidole vyake Fundi alihisi mshipa ukipiga, taratibu, kama mshipa wa mtu aliyetulia kazini.

Aliutoa mkono. Akaufuta kwenye suruali, akaufuta tena.

"Juzi," alisema kwa sauti ya chini, "uliponikanyagia tulipokuwa tunatoa upepo, uliona chochote?"

"Mimi juzi sikukukanyagia."

"Tulipobadilisha mafuta. Mchana."

"Kaka, mkuu wa zamu wa wale wauguzi alinipigia simu, nikavuka barabara kutafuta mtandao. Niliporudi unanawa mikono, ukasema kazi imekwisha. Nikajua umempata mtu."

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili wasioonana. Mmoja yuko chini ya gari na spana, mwingine yuko kitini na mguu. Wa chini huita "Kanyaga", wa juu hukanyaga na kujibu "Imeshika". Wa chini husema "Shikilia", hufungua nipeli, upepo hutoka na mafuta, hufunga, kisha husema "Achia". Hufanya kazi kwa sauti tupu, kama vipofu wawili wanaohamisha kitanda. Na juzi, jua likiwa utosini na mtaa mzima umeingia ndani kula, saa ambayo marehemu mama yao aliwakataza kumwita mtu yeyote bila kumtaja kwa jina, Fundi alilala chini ya gari akaita, na akajibiwa. Aliita kwa gurudumu la kwanza, akajibiwa. La pili, la tatu, la nne. Alichokikumbuka sasa ni kwamba alifurahi moyoni kuona Kasuku, kwa mara ya kwanza maishani, amefanya kazi bila porojo.

Kingine alichokikumbuka kilimfanya ashikilie mlango wa gari. Kwa gurudumu la mwisho alisema "Shikilia", akafunga nipeli, akatoka kwa upande wa pili na kwenda kunawa. Hakusema "Achia". Haikuwa lazima. Binadamu akiona kazi imekwisha huondoa mguu mwenyewe.

Alisimama kando ya kiti, akiona haya kama mtu anayeamkia nguo zilizotundikwa, akalainisha koo.

"Achia."

Kwanza hapakutokea kitu. Kisha ikasikika pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo baada ya safari, na pedali ikapanda polepole mpaka ikafika mahali pake. Gurudumu la nyuma, lililokuwa limenyanyuliwa kwa jeki, likaanza kuzunguka lenyewe kidogo, likasimama. Kiti kilibaki kimebonyea, lakini kiti kile kilikuwa cha zamani.

Hawakulizungumzia. Kuna mambo ambayo ndugu wawili wakiyataja kwa sauti huwa wameyakaribisha. Fundi alitoa mafuta meusi yote, akaweka mapya, safari hii Kasuku akiwa kitini kweli, kwenye ukingo wa kiti, akitajwa kwa jina kila anapoitwa. Kisha Fundi alilichukua gari akazunguka nalo mtaani. Alifunga breki kwa nguvu, kwa upole, kwa ghafla, mara nyingi. Alisimama akapima: magurudumu yalikuwa na joto dogo, la halali, lililolingana na mwendo. Kipimo kikisema sawa, fundi atabishana na nani? Wauguzi walikuwa wanasubiri, wagonjwa wa bondeni wanawasubiri wauguzi. Alimrudishia Kasuku ufunguo, na Kasuku akaondoka akipiga mluzi, wa namna inayopigwa na mtu anayepita makaburini.

Mke wa Fundi hakuwa amekaa kimya. Tangu asubuhi alikuwa amekipeleka kile kitambaa kwa Shangazi, dada wa baba yao. Shangazi alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake, na alipostaafu watu walizidi kumwendea kwa yale ambayo hospitali haina kitanda chake: mtoto anayezungumza na ukuta, nyumba yenye hatua za miguu darini. Hakuwa na vibuyu wala moshi. Alikuwa na maswali.

Alifika gereji muda mfupi baada ya gari kuondoka, akaketi juu ya tairi kuukuu, akamsikiliza Fundi mpaka mwisho huku akikinusa kitambaa mara kwa mara kama mpishi anayetilia shaka maziwa.

"Alikujibu kabla hujamwita, au baada?" aliuliza.

"Baada."

"Kila mara?"

"Kila mara, shangazi."

"Basi si mkorofi." Alisema hivyo kwa masikitiko. "Afadhali angekuwa mkorofi, baba. Mkorofi huchoka, hukasirika, huenda zake. Huyu ulimpa kazi."

Fundi akajitetea. Alieleza kwamba amemwambia aachie, na ameachia, na vipimo vyote vimekubali.

"Na umemwambia aondoke?"

Fundi aliitazama njia ambayo gari lilikuwa limepita.

"Mimi nikimwambia mzazi aache kusukuma," Shangazi alisema, "ndiyo nimemwambia aende nyumbani? Anapumzika pale pale kitandani, anangoja neno langu jingine. Mdogo wako yuko wapi?"

Simu ya Fundi ikaita.

Yaliyotokea garini yalisimuliwa baadaye na wauguzi wenyewe. Kasuku alikuwa kimya mpaka walipoanza kuteremka, na kwa kuwa hawakumzoea akiwa kimya, walimchokoza, wakamuuliza kama amefiwa na kuku wake. Pedali ilikuwa imara chini ya mguu wake, jua lilikuwa zuri, hofu ikamtoka. Akaanza kuwasimulia. Aliwaeleza namna kaka yake, mzee mzima wa hesabu, alivyosimama kukiamrisha kiti, na wauguzi wakacheka mpaka mmoja akadondosha miwani. Na hadithi ilipofika kwenye kilele chake Kasuku alifanya alichokuwa akikifanya tangu utotoni: aliivaa sauti ya kaka yake, nzito, yenye haya kidogo, sawasawa kabisa, akasema, "Achia."

Safari hii kilichokuwa kitini kiliachia breki zenyewe: pedali ikaanguka mpaka sakafuni, ikakaa huko kama ulimi wa maiti.

"Fundi." Ilikuwa sauti ya mkuu wa zamu kwenye simu, tulivu kwa namna ya mtu aliyezoea kuwapa ndugu habari mbaya. "Breki hazipo. Ndugu yako amejaribu kulisema neno lako, lakini sauti inamtetemeka, haiwi yako. Anasema ulitamke wewe."

Nyuma yake Fundi alisikia injini ikilia kwa uchungu, upepo ukivuma dirishani, mtu akisali harakaharaka, na Kasuku akirudia "Kanyaga, kanyaga" kwa sauti nyembamba ya mtoto. Ikafuata sauti ya meno ya gia yakisagana. Fundi alijua maana yake: amejaribu kulazimisha gia ya kwanza kwenye kasi ile, na sasa hana hata gia. Alimwambia mkuu wa zamu aiweke simu chini kabisa, kwenye miguu ya dereva. Alingoja mpaka mlio wa sakafu ya gari ukajaa sikioni mwake.

"Kanyaga," alisema.

Palikuwa na kimya, na ndani ya kimya kile, ambacho pengine hakikuzidi pumzi moja lakini ambacho Fundi alikiona kirefu kama barabara yote ya kilima, alilihesabu gari na uzito wake na watu wake na kasi ambayo lazima lilikuwa limeifikia, akaihesabu kona ya mawe meupe na umbali uliobaki kuifikia, na kila alivyohesabu jibu lilikuwa ni lile lile, mpaka kutoka ndani ya simu, karibu kuliko upepo, karibu kuliko kilio cha mdogo wake, kana kwamba msemaji ameinamisha kichwa chini ya usukani ili asikike vizuri, ikaja sauti isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke, yenye adabu ya kazi:

"Imeshika."

Matairi yalipiga ukelele. Vitu vikagonga vitu. Kisha gari likasimama, na katika utulivu uliofuata Kasuku alipiga yowe ambalo Fundi hakuwa amelisikia tangu mdogo wake alipovunjika mkono akiwa mtoto. Mguu wake, alisema, ulikuwa juu ya pedali. Kile kitu kilikuwa kimekanyaga juu ya mguu wake.

Wauguzi walishuka kwa utaratibu, kama waliofundishwa. Mkuu wa zamu, simu mkononi, aliripoti kila kitu bila kuulizwa mara mbili. Gari limesimama puani mwa kona. Magurudumu yanafuka moshi na diski zimeiva, nyekundu, mchana kweupe. Handibreki imevutwa mpaka mwisho, haishiki. Dereva hawezi kuutoa mguu, wamemvuta watu wawili. Fundi akawaambia watafute mawe makubwa kuliko yote wanayoweza kuyabeba, wayasukumie mbele ya matairi, naye akageuka kumtazama Shangazi, kwa sababu hesabu iliyobaki haikuwa ya fani yake. Alijua kwamba mafuta ya breki yamechemka na kuwa mvuke, na mvuke hausukumi chochote. Breki hazikuwepo tena. Gari lote, na mdogo wake ndani yake, lilikuwa limeshikiliwa na mguu ule tu.

Shangazi alikuwa amesimama. Alimnong'oneza kwamba sasa amwachishe kazi, waziwazi, kama mtu anavyomwachisha kibarua: amwambie imekwisha, aondoke. Na akamshika mkono.

"Akikuuliza swali," alisema, "usimtaje mtu. Ukimtaja mtu, umemwandika kazi huyo."

Fundi aliisogeza simu mdomoni. Alisema kazi imekwisha. Alisema kwamba ameridhika nayo, maana ilikuwa kweli, na fundi hamdhulumu msaidizi wake hata kwa neno. Kisha akasema, "Ondoka."

Sauti ilichelewa kidogo, kama inayofikiri.

"Nikiondoka, nani atashika?"

Shangazi alitikisa kichwa. Mawe, alimwonyesha kwa midomo, sema mawe.

"Mawe yatashika," Fundi alisema.

"Jiwe halina mguu."

Na hapo, kwenye simu, kokoto zikalia. Mkuu wa zamu alisema, na kwa mara ya kwanza utulivu wake ulikuwa umepasuka, kwamba jiwe la kushoto limeteleza, kwamba gari limesogea shibiri nzima ingawa magurudumu hayakuzunguka, limesukuma changarawe zote kuelekea ukingoni. Fundi aliita jina la utani la mdogo wake. Hakujibiwa. Aliita tena, akasikia tu pumzi za mtu aliyeuma meno, na katika maisha yake yote, katika misiba na magonjwa na siku walizokosa chakula, hakuwahi kumwita Kasuku akamkuta hana la kusema. Akaitazama sakafu ya gereji. Akautazama mkono wa Shangazi uliokuwa umemshika, wenye mishipa iliyosimama, ambao ndio uliompokea Kasuku siku anazaliwa, na akajua kwamba naye Shangazi amejua, maana ulikuwa umeanza kulegea.

"Mimi nitashika," alisema.

Shangazi alifumba macho.

"Haya," sauti ilisema. Haikusema lingine.

Mlango wa gari ukafunguka kwa kishindo. Ikafuata miguu kwenye changarawe, wanawake wakiitana, kisha Kasuku mwenyewe kwenye simu, anacheka, analia, anasema yote kwa pamoja. Mguu umetoka. Umevimba kama andazi, lakini umetoka. Gari limesimama, kaka. Hamna mtu ndani, na limesimama, halitikisiki hata likisukumwa. Wauguzi wamekaa chini barabarani, wanafunga mguu wake kwa kanga ya mmoja wao, na yeye ameegemea bampa ya mbele maana hawezi kusimama.

Fundi alifungua mdomo kumwambia atoke mbele ya gari, watoke wote. Ndipo sakafu iliposhuka chini ya kiatu chake cha kulia.

Haikupasuka. Ilizama kama pedali yenye upepo kidogo inavyozama, laini mwanzo, kisha ikapata ukinzani, na pamoja na ukinzani ule ukaja uzito ambao hakuhitaji kuukisia, uzito wa chuma na kilima, ukipanda kupitia kisigino hadi gotini. Na joto likapenya soli ya kiatu, na harufu ya mafuta yaliyoungua ikajaa banda. Shangazi alirudi nyuma hatua moja. Simuni, ambako hakuna aliyesikiliza tena, Kasuku alikuwa ameanza kuwaigizia wauguzi namna mkuu wao alivyokuwa akipiga kelele, nao walikuwa wanacheka kicheko cha watu waliookoka, pale pale, mbele ya gari.

Kutoka chini ya saruji, mahali hasa ambapo mtu hulala chali akiwa na spana, sauti yenye adabu ikaita.

"Shikilia."

Fundi alitafuta kwa mkono nguzo ya banda, akaegemea, akaukaza mguu wake wote.

"Imeshika," akajibu.